UZI: Namna ya kufuatilia miswada ya Bunge la Maine na kusema neno kabla haijawa sheria

Mkalimani_Portland

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wetu sisi tunaoishi jimbo la Maine, Marekani, iwe Portland, Lewiston, Westbrook, Biddeford au popote ulipo. Kila mwaka naona jambo lile lile. Mswada unaotuhusu unapita Augusta, mji mkuu wa jimbo, miezi inakwenda, halafu gavana akishasaini ndipo ujumbe wa sauti unaanza kuzunguka WhatsApp: "Jamani, mmesikia walichopitisha?" Hapo kazi imekwisha. Nafasi ya kusema ilikuwepo, ilitangazwa hadharani, na mlango wa chumba ulikuwa wazi.

Nimewakalimania watu kwenye vikao vile, kwa hiyo naandika ninachokijua.

Kwanza kabisa: huhitaji kuwa raia ili kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge la Maine. Huhitaji hata green card. Kupiga kura ni kwa raia, hilo halina mjadala. Lakini kusema "mswada huu utaniumiza kwa sababu hii" au "mswada huu upitisheni kwa sababu hii" ni haki ya kila anayeishi hapa, na hakuna atakayekuuliza karatasi mlangoni.

Sasa Bunge lenyewe. Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 151, Seneti ina maseneta 35. Jimbo zima lina watu kama milioni 1.4, kwa hiyo mwakilishi mmoja anawakilisha watu wasiozidi sana 9,000. Hiyo ni mitaa michache tu ya Portland. Wengi wao wana kazi nyingine: walimu, wakulima, wavuvi, wastaafu. Mwakilishi wa kawaida hana msaidizi wake binafsi wa kumsomea barua. Ukimwandikia, anayefungua ile barua pepe mara nyingi ni yeye mwenyewe, na wengi wameweka namba zao za simu kwenye tovuti ya Bunge. Niambieni ni wapi kwingine mtu mdogo anampata mbunge wake kirahisi hivyo.

Kila mswada hupewa namba inayoanza na herufi LD. Shikeni namba. Mtu akikuambia "kuna mswada mbaya wa wapangaji", swali lako la kwanza liwe: LD ngapi? Ukiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya Bunge, legislature.maine.gov, utaona maandishi yenyewe, nani ameuleta, uko kamati gani, kikao ni lini, nani ametoa maoni na ameandika nini. Bila namba mtabaki mnabishana juu ya uvumi.

Mswada ukishasomwa unapelekwa kamatini. Hapa kamati ni za pamoja: maseneta 3 na wawakilishi 10, jumla 13. Na Maine ina utaratibu mzuri ambao majimbo mengi hayana: mswada uliopelekwa kamatini hupangiwa kikao cha wazi cha kusikiliza wananchi. Kwingineko mwenyekiti wa kamati anaweza kuukalia mswada mpaka ufe kimya kimya.

Chumba cha kamati ni kidogo kuliko mnavyodhani. Wajumbe wamekaa kwenye meza iliyopinda kama herufi U, kila mmoja na kompyuta yake. Anayeongea anasimama mbele yao, karibu kiasi cha kuona nani anaandika na nani anapiga miayo. Aliyeleta mswada huanza. Wanafuata wanaounga mkono, kisha wanaopinga, mwisho wasio na upande. Kila mtu hupewa kama dakika tatu. Unaanza kwa kuwasalimu wenyeviti wawili wa kamati, wa Seneti na wa Baraza, na wajumbe waheshimiwa, unataja jina lako na mji unaoishi, unataja namba ya LD na msimamo wako, kisha unasema lako. Ukimaliza usikimbie kukaa, kwa sababu mjumbe anaweza kukuuliza swali, na maswali ndiyo sehemu yenye uzito kuliko zote. Mjumbe akiuliza maana yake ameanza kufikiri.

Utaona wajumbe wanatoka na kuingia wakati unaongea. Watu wetu huvunjika moyo sana hapo, wanaona wamedharauliwa. Sivyo. Mjumbe ana mswada wake kwenye chumba kingine na lazima aende kuutetea. Maandishi yako yanabaki, na atayasoma.

Baadaye kamati inakaa kikao cha kazi. Hapo ndipo wanabadilisha maneno na kupiga kura. Wewe unaruhusiwa kukaa na kusikiliza, lakini huongei mpaka waulize. Kamati nzima ikikataa mswada kwa sauti moja, mswada umekufa, labda Bunge liurudishe kwa theluthi mbili, jambo la nadra. Ikigawanyika, ripoti za pande zote mbili zinapelekwa ukumbini, yaani mbele ya Bunge zima. Kwa hiyo anayesubiri mpaka mswada ufike ukumbini amechelewa: wabunge wengi huangalia kamati imesema nini na wanaifuata.

Ulizeni, tujibizane.

---

Bukavu207

Asante sana kaka kwa elimu hii. Lakini niseme ukweli wa moyo wangu. Mimi nimekulia mahali ambapo ukisimama mbele ya wakubwa na kusema serikali imekosea, usiku ule hulali nyumbani. Kesi yangu ya kuomba hifadhi ya ukimbizi bado iko mahakamani. Unaniambia nikasimame Augusta, jina langu na sura yangu vionekane? Na hivi mambo ya uhamiaji yalivyo sasa? Hofu hii si ya kijinga.

---

Mkalimani_Portland

Papa, hofu yako ina msingi na sitakudanganya kwamba haina.

Bunge la jimbo na idara ya uhamiaji ya serikali kuu ni mamlaka mbili tofauti, na kutoa maoni kamatini si kosa la aina yoyote. Lakini jambo hili kila mtu alijue kabla hajatuma kitu: maoni ni ya hadharani. Ukiyatuma kupitia tovuti ya Bunge, yanawekwa mtandaoni na jina lako na mji wako, na yanabaki pale. Kikao chenyewe kinarushwa moja kwa moja na kurekodiwa. Mwajiri wako ataweza kukuona, na mwenye nyumba, na wakili wa upande wa pili kwenye kesi yako.

Kwa hiyo mtu mwenye kesi ya hifadhi azungumze kwanza na wakili wake. Usiandike namba yako ya kesi, usisimulie njia uliyopita mpaka kufika hapa, usitaje watoto wako kwa majina. Simulizi ya kwanini ulikimbia iache kwa ajili ya jaji, maana neno moja ukilisema tofauti Augusta na mahakamani, mtu anaweza kukushika nalo.

Na kuna njia nyingine. Chama chenu cha jamii, kanisa, msikiti, wanaweza kupeleka maoni kwa jina la kikundi: "Tuna familia zinazopitia hali hii." Nimeona mchungaji akisimama na kueleza hali ya familia nzima bila kutaja jina hata moja, na wajumbe wakamsikiliza kuliko walivyowasikiliza wataalamu waliomtangulia. Pia unaweza kumpigia simu mwakilishi wako bila kupitia kikao chochote. Usilazimike kuongea ukiwa hauko salama, lakini usinyamaze kwa kudhani mlango ni mmoja.

---

MamaFuraha_Lewiston

Mimi ni CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, zamu ya usiku. Natoka saa moja asubuhi, napeleka watoto shule, nalala. Vikao vyenu ni saa nne asubuhi katikati ya wiki. Na Kiingereza changu ni cha kazini, cha "how are you feeling today". Sisi akina mama tunaobeba mzigo ndio hatuonekani kule. Uniambie kweli, mtu kama mimi ana nafasi gani?

---

Mkalimani_Portland

Mama Furaha, nafasi yako ni kubwa kuliko ya wengi, kwa sababu ukija mswada wa mishahara ya wahudumu wa wazee au wa idadi ya wafanyakazi kwenye nyumba za wazee, wewe unaijua ile wodi saa tisa usiku. Wao wanasoma takwimu tu.

Usafiri: tangu wakati wa korona unaweza kuzungumza kwa Zoom. Unajiandikisha kwenye ukurasa wa kamati, wanakutumia kiungo, unasubiri zamu yako ukiwa jikoni kwako. Ubaya wake ni kusubiri, mswada wenye watu wengi unaweza kwenda mpaka jioni. Kama huwezi kusubiri, tuma maandishi peke yake. Yanahesabika na yanasomwa na wajumbe kabla ya kikao cha kazi. Nusu ukurasa inatosha.

Lugha: kila kamati ina karani. Jina lake na barua pepe yake vipo kwenye ukurasa wa kamati. Mwandikie mapema, siku kadhaa kabla, mweleze utaongea Kiswahili na uulize habari ya mkalimani na muda wa ziada, kwa maana dakika tatu zikikatwa na ukalimani unabaki na moja na nusu. Ukija na mkalimani wako mwenyewe, mpe maandishi usiku wa kuamkia siku ile. Nimewahi kupewa karatasi mlangoni yenye majina ya dawa na vifaa vya hospitali, na mama aliyekuwa anaongea ndiye aliyeathirika, sio mimi.

Kwa simu: unapompigia mwakilishi wako, anza na mtaa unaoishi. Mbunge anasikiliza kwanza watu wa eneo lake. "Naitwa fulani, naishi Lisbon Street, Lewiston. Naomba uunge mkono LD namba fulani, kwa sababu hii." Sentensi tatu. Na ukikutana na simu ya kurekodi, acha ujumbe, usikate.

Halafu mjue kalenda. Bunge la miaka miwili lina vikao viwili: cha kwanza kirefu, kinaanza Desemba baada ya uchaguzi na kwa kawaida kinakwisha Juni, cha pili kifupi, Januari mpaka Aprili. Kwenye kile cha pili miswada mipya inachujwa na viongozi 10 wa Bunge, kwa hiyo ukiwa na wazo lako la sheria lipeleke kwa mwakilishi wako wakati wa kiangazi au vuli kabla ya kikao cha kwanza. Ndiyo, unaweza kumwomba alete mswada kwa niaba yako. Hapa hilo ni jambo la kawaida kabisa.

---

Mkenya_Westbrook

Uzi mzuri mkuu. Mimi nimetoka Kenya ambako Kifungu cha 118 cha Katiba kinalazimisha Bunge kushirikisha wananchi. Na tulishirikishwa. Mswada wa Fedha wa 2024 watu walitoa maoni wee, wakajaza makaratasi, na bado ilibidi vijana waingie barabarani mwezi wa Juni, watu wakafa, ndipo rais akakataa kuusaini. Kwa hiyo swali langu ni moja tu. Je, haya maoni ya dakika tatu yamewahi kubadilisha kitu chochote kwa mtu wa asili yetu hapa Maine? Mfano halisi, tafadhali.

---

Mkalimani_Portland

Mkuu, nakupa LD 369 ya mwaka 2015. Naomba kila mtu aisome pole pole, maana wengi wetu tuliokula na kulala kwa msaada wa mji tulipofika, tunadaiwa shukrani na sheria hii bila kuijua.

Mwaka 2014 serikali ya Gavana Paul LePage iliiambia miji: mkiwapa General Assistance, hii tunayoiita GA, yaani msaada wa mji kwa wasio na uwezo, watu wasio na hadhi kamili ya uhamiaji, jimbo halitawarudishia pesa. Waomba hifadhi wakawa ndani ya kapu hilo. Na mnajua wenyewe hali ilivyo: sheria ya serikali kuu inamzuia mwomba hifadhi kupata kibali cha kazi kwa miezi mingi baada ya kupeleka ombi. Huruhusiwi kufanya kazi, na pesa ya pango hakuna.

Mwaka uliofuata ukaletwa LD 369. Jina lake lilisema ni mswada wa kulinganisha GA ya miji na sera za uhamiaji za idara ya afya na huduma za jamii. Yaani ulikusudiwa kuifanya ile marufuku iwe sheria. Angalieni sasa kilichotokea. Njiani maneno yake yalibadilishwa, kwa kura za maseneta wa pande zote mbili, ukageuka kuwa kinyume chake: mtu aliyepo kihalali, au anayefuata njia halali ya kuomba nafuu ya uhamiaji, anastahili GA mpaka miezi 24. Jina la mswada lilibaki lile lile la kutunyima. Aliyesoma kichwa cha habari peke yake aliupinga mswada uliokuwa unamwokoa. Ndiyo maana nasema, baada ya kusoma mswada someni na marekebisho yake, kila mara.

Ikaja meza ya gavana. Katiba ya Maine inampa siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Asiposaini na asiporudisha ndani ya siku hizo, mswada unakuwa sheria wenyewe. LePage alikusudia kuupiga kura ya turufu pamoja na mingine mingi, lakini alishikilia kwamba Bunge limeshafunga kikao, hivyo ana muda zaidi. Wabunge wakasema hatujafunga, tumepumzika tu, tutarudi Julai. Siku 10 zikapita. Alipoleta barua zake za kukataa miswada 65, Bunge halikuzipokea. Suala likapelekwa kwa majaji wa mahakama ya juu ya jimbo, na Agosti 2015 wakajibu kwa kauli moja kwamba gavana amechelewa. Miswada yote 65 ilikuwa sheria, LD 369 ikiwemo.

Utasema ni bahati. Siku zile 10 ndiyo, kuna bahati ndani yake. Lakini mswada haukugeuzwa na bahati. Uligeuzwa kwa sababu miji ilisema, makanisa yalisema, na waomba hifadhi wenyewe walisimama wakaeleza walichokuwa wanakifanya kabla ya kuja: daktari, mhasibu, mwalimu, sasa analala sakafuni akisubiri kibali.

Na haikuishia hapo. Utawala ule uliendelea kuyasoma maneno "anayefuata njia halali" kwa maana finyu. Juni 2019 mamia ya waomba hifadhi walifika Portland kwa muda mfupi, wengi kutoka Kongo na Angola, wakalazwa kwenye ukumbi wa Expo. Wengi mliopo humu mlilala pale. Mwezi uliofuata serikali ya Gavana Janet Mills ikabadilisha kanuni, sheria ikibaki ile ile, ikaeleza kwamba hata mtu anayechukua hatua za kweli kuelekea kupeleka ombi lake anahesabika. Kanuni huandikwa na idara, nazo hutangazwa na kupewa muda wa maoni ya wananchi. Hakuna anayekwenda huko! Mswada unajaza chumba, kanuni inaandikwa na watu wachache, wakati tafsiri ya neno moja ndiyo inayoamua kama dada yako atapata voucha ya GA au hapati.

Kifungu kile cha siku za gavana kimerudi tena juzi juzi. Mwakilishi Deqa Dhalac wa South Portland, ambaye pamoja na Mana Abdi wa Lewiston ni miongoni mwa Wasomali wa kwanza kuingia Bunge hili katika uchaguzi wa 2022, alileta LD 1971 ya kuwekea mipaka ushirikiano wa polisi wetu na maofisa wa uhamiaji. Bunge liliupitisha Juni 2025 na safari hii lilifunga kikao kweli. Katiba inasema hapo gavana anaweza kukaa na mswada mpaka siku 3 baada ya Bunge kukutana tena. Mills akakaa nao miezi yote ile bila kusaini wala kukataa, na Desemba akatangaza kwamba ataacha uwe sheria. Waliomwandikia kati ya Juni na Desemba walikuwa wanafanya kazi sahihi kwa wakati sahihi.

---

Fundi_Umeme

Niongeze mawili, mimi ni raia tangu zamani kidogo na nimewahi kukusanya saini.

La kwanza ni pesa. Mswada wenye gharama hupewa karatasi ya makadirio, na hata ukishapita kura za ukumbini unawekwa pembeni Seneti kusubiri kamati ya bajeti iamue kama kuna hela. Wiki za mwisho za kikao mingi inafia hapo, usiku, watu wakiwa wameshasherehekea ushindi. Msizime simu baada ya kura. Hapo ndipo wajumbe wa kamati ya bajeti wanapaswa kusikia kutoka kwenu, mmoja mmoja.

La pili ni kwa raia wenzangu. Katiba ya Maine inatupa silaha mbili. Tunaweza kuandika sheria wenyewe na kuipeleka kwenye kura, na tunaweza kuipinga sheria iliyopitishwa kabla haijaanza kazi. Saini zinazotakiwa ni asilimia 10 ya kura zote zilizopigwa kwenye uchaguzi wa gavana uliopita. Sheria ya kawaida inaanza kazi siku 90 baada ya Bunge kufunga kikao, na ndani ya siku hizo 90 ndipo unapinga.

Zote mbili zimefanya kazi. Mwaka 2011 Bunge lilifuta utaratibu wa kujiandikisha kupiga kura siku ile ile ya uchaguzi. Wananchi wakakusanya saini, na Novemba mwaka huo huo wakaurudisha kwa karibu asilimia 60. Kisha MaineCare, bima ya afya ya jimbo: LePage alikataa mara tano kuipanua kwa watu wa kipato cha chini. Novemba 2017 wananchi wakaipitisha wenyewe, jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo kwa kura ya wananchi. Hata hapo gavana aliikwamisha mpaka alipoondoka, na Mills akaianza mara tu alipoingia Januari 2019. Leo kuna watu humu wanapata insulini kwa sababu majirani zao walisimama kwenye baridi na kibao cha karatasi.

---

Mkalimani_Portland

Fundi, asante sana. Niweke onyo hapo hapo, na naomba mlipeleke kwenye magrupu yote.

Yule mtu mwenye kibao cha karatasi nje ya duka akikuomba saini, na wewe si raia aliyejiandikisha kupiga kura, USISAINI. Hata akikuambia haina shida. Hata ukiwa unaipenda hoja yenyewe. Ile ni karatasi ya wapiga kura. Na kamwe usijaze fomu ya kujiandikisha kupiga kura kabla hujaapa uraia, hata ukiipewa kwa makosa unapotafuta leseni ya gari. Watu wamepoteza haki ya kubaki nchi hii kwa tiki moja kwenye kisanduku cha "mimi ni raia". Toa maoni yako kamatini, piga simu, andika. Saini na kura vinamngoja raia.

---

BintiUvira

Shikamoo kaka. Nimesoma yote nikapata nguvu. Kuna mswada wa wapangaji uko kamati inayoshughulikia nyumba, kikao ni wiki ijayo. Nimeandika hivi, naomba unisahihishe kabla sijatafsiriwa na mwanangu:

"Waheshimiwa wajumbe, kwanza nawashukuru kwa nafasi hii adhimu. Nchi ya Marekani ni nchi kubwa yenye demokrasia na sisi wahamiaji tunaipenda sana. Sisi wapangaji tunateseka. Wenye nyumba wanapandisha kodi bila huruma. Nyumba yangu ilipandishwa na barua ililetwa kwa Kiingereza, sikuielewa, nikaja kujua siku ya kulipa. Nina watoto wanne. Naomba Bunge liwasaidie wahamiaji wote na wanyonge wote. Mungu awabariki na aibariki Maine."

---

Mkalimani_Portland

Marahaba dada. Una jambo la nguvu ndani ya maandishi haya, ila umelificha katikati. Hiyo barua ndiyo ushuhuda wako wote. Wajumbe wanajua kwamba Marekani ni kubwa. Hawajui kwamba mpangaji anaweza kupewa notisi halali kabisa na asielewe mpaka siku ya kulipa.

Anza hivi: "Naitwa fulani, naishi Portland. Naunga mkono LD namba fulani." Kisha barua: ilikuja mwezi gani, kodi ilitoka dola ngapi ikaenda dola ngapi, nani alikusomea hatimaye, ulilipa kwa kuacha kulipa nini. Dola ziandike. Kisha useme kitu kimoja unachotaka wakibadilishe, kimoja tu. Ukisema "wasaidieni wanyonge wote" kila mjumbe ataitikia kwa kichwa na hakuna atakayejua aandike nini. Ukisema "ongezeni kwenye kifungu cha notisi kwamba iambatane na karatasi ya lugha nyingi inayoeleza kuwa hii ni notisi ya kodi", umempa mtu kalamu. Kwanza soma kifungu chenyewe uone kama neno hilo halipo tayari.

Jina la mwenye nyumba usilitaje, bado unaishi kwake na maandishi haya ataweza kuyasoma. Watoto wanne wabakie, majina na shule zao hapana. Baraka za mwisho ziache kama moyo wako unataka, mimi sizifuti.

Mwanao asibebe tafsiri peke yake. Nitumie kwenye inbox leo, nitaitafsiri usiku huu, kesho unamwandikia karani. Na kikao cha kazi kikipangwa nitaweka tarehe hapa hapa, wote mnaoishi kwenye maeneo ya wale wajumbe 13 mpige simu kabla ya siku hiyo. Bukavu207, mwakilishi wenu yumo kwenye kamati ile. Simu haina kamera.